Mwaka Ambao Shikamoo Haikuitikiwa

Tiii. Ndivyo ilivyolia. Mlio mwembamba, mrefu kidogo kuliko ulivyotarajia, halafu sauti ya mtu aliye mbali: "Shikamoo." Halafu kimya. Ndani ya kile kimya unasikia kuku, upepo, mtoto anakohoa, na pumzi ya mtu anayengoja. Halafu tk, simu imekatika. Nimesikia mengi tangu hapo, nimesikia wanangu wakilia kwa mara ya kwanza, lakini ukiniamsha usingizini ukaniambia nitaje sauti moja tu, nitakutajia ile.

Ilinirudia mwezi uliopita, Salima aliponipigia. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mlenda. Alisema tu, "Dada Pendo, mama ametutoka," nikabaki na jani mkononi. Msibani nilikaa mkekani na wanawake wengine, na kilichonishangaza ni wageni wa vijijini, watu waliokuwa wakiulizana njia mpaka mlangoni. Mzee mmoja aliyepanda basi la alfajiri kutoka Kilimatinde alisimama uani, kofia mkononi, akauliza kwa aibu kama kuna picha ya marehemu. "Nimeongea naye miaka na miaka," alisema, "sura yake siijui." Salima akamletea picha. Akaitazama sana. "Kumbe alikuwa mwembamba," akasema. "Sauti ilikuwa ya mtu mnene." Wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka, na mimi nikajua nitakaa chini niuandike ule mwaka, hata kama mwandiko wangu ni wa kuungaunga.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza kwa alama za kujikongoja, na ndoto yangu ilikuwa kubwa kuliko chumba nilichopanga: nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Asubuhi nikikoroga uji nilikuwa nauinua mwiko mdomoni nawasomea mende taarifa ya habari. Kwa hiyo nilipopata kibarua cha msaidizi katika chumba cha simu cha kampuni moja ya kukamua alizeti, nje kidogo ya mji wa Singida, niliona Mungu amenisogeza nusu ya safari. Simu na redio, nilijiambia, ni ndugu. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kimebanwa kati ya ofisi ya meneja na ghala la mashudu, na ile harufu ya mashudu ya moto ilikuwa inaingia mpaka ndani ya chai. Kulikuwa na dirisha moja, meza ndefu yenye mashine ya kupokelea simu, na kiti ambacho mto wake ulishonwa kwa kanga kuukuu. Kwenye kiti hicho alikaa Mama Salima, opareta, tangu kampuni ilipokuwa na kinu kimoja cha kukamulia.

Kampuni ilikuwa inanunua alizeti karibu mkoa mzima, kuanzia Sekenke kule Iramba mpaka Mitundu upande wa Itigi, na kila jambo lilipita kwanza masikioni mwake. Mkulima akipiga kuuliza lori linakuja lini, Mama Salima alimsalimia, akaulizia watoto, akaulizia ng'ombe, na shida ikasemwa mwishoni, kama inavyosemwa kwa watu wenye adabu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mimi aliniona kama kivuli kilichovaa gauni. Lakini akisikia "halo" moja tu, alijua. "Huyu wa Sekenke, anaongea amesimama," alikuwa ananinong'oneza, kiganja kimefunika mdomo wa simu. Mara nyingine alihamia Kinyaturu na mteja, na hapo chumba kizima kilikuwa kama jikoni kwa bibi. Mchana tulikula pamoja, ugali wa mtama na mlenda alioubeba kwenye bakuli la mfuniko, mlango umefungwa, sikio moja kwenye simu. Siku moja, katikati ya kula, aliniambia, "Nyumbani nakaa gizani, Pendo. Hapa ndipo ninapoona." Alisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi, akaendelea kumega tonge.

Ukuta kati yetu na meneja ulikuwa wa mbao, na ndiyo maana habari tuliipata kabla haijatangazwa. Tulikuwa tunakula. Tukamsikia meneja akimwambia mtu, "Yule mama akiongea na mmoja, wengine wote wanakuta laini ina shughuli. Msimu ukikolea wanauzia kampuni nyingine. Nataka mtambo." Mtu akauliza, "Na yeye mwenyewe?" Meneja hakuwa mtu mbaya, lakini alijibu, "Mtambo ukifanya kazi, opareta wa nini? Usipofanya, tunabaki tulivyo." Mimi niliacha kumega. Mama Salima akasukuma bakuli upande wangu. "Kula," akasema, "mlenda unapoa."

Wakaja wawili kushindana. Wa kwanza aliitwa Bahati, mfupi, mcheshi, sauti ya mnadani. Yeye aliuza sanduku la sauti: mtu anapiga, anaacha maneno yake, maneno yanalala humo mpaka mtu wa ofisini afungue asikilize. Wa pili, Erasto, alikuwa mrefu mwenye haya, ametoka Dar es Salaam na kompyuta mgongoni. Wake ulikuwa mtambo wa kukusanya kila kitu pamoja, sauti, ujumbe wa maandishi na barua pepe. Sauti inageuzwa maandishi, kisha inarushwa moja kwa moja kwenye simu ya mhusika. Meneja akazigawa wilaya: wakulima wa Iramba na Mkalama wakapewa namba ya Bahati, wale wa Manyoni na Itigi namba ya Erasto. Mwisho wa msimu mmoja atapata mkataba. Mimi na Mama Salima tukaambiwa tukae pembeni, tusipokee simu, tusikilize tu kama maneno yanaeleweka. Saa ya chai wale wawili walikuwa wanachomana. "Hilo lako ni kabati, bwana," Erasto anasema taratibu. "Watu wanafungia sauti humo mpaka zinaota ukungu." Na Bahati, mdomo umejaa mhogo: "Lako ni makande! Kila kitu chunguni, na hakuna anayejua anatafuna nini."

Ndipo ile sauti ikaanza. Tiii. "Shikamoo." Kimya. Tk. Mashine zote mbili zilitengenezwa hivyo: zikisikia kimya, zinadhani mtu amemaliza, zinakata. Na mtu wa kwetu akishasema shikamoo hajamaliza. Ndiyo kwanza amebisha hodi. Hawezi kuingia na shida yake mpaka aitikiwe. Kwenye kioo cha kompyuta ya Erasto maandishi yalijipanga kama mistari ya mahindi: Shikamoo. Shikamoo mama. Mama shikamoo. Wazee nao walisema "Hamjambo?" wakangoja. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama Salima hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye kispika kilichotoa sauti za wapigaji, na kila "shikamoo" ilipokuja niliona midomo yake ikiitikia bila sauti.

Erasto akaongeza muda wa kungoja. Watu nao wakaongeza kungoja. Bahati akabadili maneno ya mwanzo, akatafuta msichana wa kurekodi: "Tafadhali usisalimie. Sema shida yako." Haikupita wiki, mzee mmoja akashuka kutoka juu ya lori la magunia, vumbi mpaka kwenye kope, akaingia mpaka ndani. "Nionyesheni huyo mtoto aliyenikataza kusalimia," alisema. "Nataka kujua kama ana mama." Bahati alikuwa ameshajificha kwenye ghala la mashudu. Alipotoka, nywele zake zilikuwa na makapi kama mtu aliyelala zizini, na hata Mama Salima, aliyesimuliwa tu, alicheka siku ile. Mimi nikaona nafasi yangu imefika. Nikaomba nirekodi mimi, nikalainisha sauti yangu yote ya redio: "Marahaba, karibu sana." Mtu wa kwanza kupiga alikuwa bibi wa Manyoni. "Marahaba ya nani?" akasema. "Mimi nimekupa shikamoo, wewe mtoto?" Wakaifuta jioni hiyo hiyo. Ndoto ya redio ikapata ufa, ingawa niliendelea kuushika mwiko wangu kwa miaka mingine miwili.

"Sauti tunayoitaka imekaa pale," Erasto alisema siku iliyofuata, akionyesha kiti cha kanga kwa kidevu. Bahati alikuwa anasikia. Asubuhi yake akaja na kuku wa kienyeji, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. "Shikamoo mama yangu mzazi!" Mama Salima akampapasa yule kuku kifuani kuona kama ana nyama. "Marahaba. Kuku nimempokea, baba, asante. Sauti yangu bado naitumia." Erasto hakuleta kitu, alikaa chini kwenye ngazi, akamwomba, akakataliwa vile vile. Nilifurahi mno. Nilipiga hesabu yangu ya kitoto: wote wawili watashindwa, watafungasha, na sisi tutaendelea na mlenda wetu.

Jumamosi moja mvua iliyochelewa ikanyesha, wakati kila mtu alikuwa ameshaiaga. Katikati ya wiki akaja Tausi. Alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake cha Mitundu, binti mwembamba, mtoto mgongoni, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Magunia yao yalikuwa yamepangwa uwanjani yakingoja lori, na juu yake turubai lililochakaa. Mawingu yalipokusanyika, saa kumi jioni, alikuwa amepiga ile namba. Lori lilikuwa Itigi siku ile, tupu, dereva anakunywa chai. Sasa alizeti ilikuwa imelowa na kuvunda, na kikundi kizima kilikuwa kimepoteza msimu. Hayo aliyasema baadaye. Kwanza alimwendea Mama Salima, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni Tausi."

Tausi akaanza kulia palepale. "Kumbe unaniitikia," akasema. "Mama, mimi nilijua una kinyongo na mimi. Nimekupa shikamoo mara tatu umenyamaza. Nikawaambia wenzangu, mama wa kwenye simu amekataa salamu yangu, sijui nimemkosea nini. Niliogopa kupiga tena."

Sijui kama mtu wa mbali ataelewa. Kwetu, mkubwa akiacha kuitikia shikamoo yako, amekufungia mlango. Unarudi nyumbani unajichunguza ulitenda nini, unatafuta mtu wa kukuombea msamaha. Binti yule alikuwa amebeba mambo mawili kutoka Mitundu, hasara ya kikundi na ile laana aliyodhani amepewa, na la pili ndilo lililomliza. Mama Salima alimshika mikono yote miwili. Akaniagiza chai, akamchukua mtoto, akampakata mpaka mama yake alipomaliza kunywa. Tausi alipoondoka, Mama Salima alirudi kwenye kiti chake. Alikaa jioni nzima, vidole vikifuata pindo la ule mto wa kanga.

Asubuhi akawaita washindani wote wawili chumbani. Nakumbuka alikuwa amevaa mtandio wa kijani wa sikukuu. "Nawauliza swali moja," akasema. "Tuseme sauti yangu ipo. Mtu wa Mitundu anapiga Jumamosi jioni, ofisi imefungwa. Anasema, mvua inakuja. Nani anamsikia?"

Bahati akaruka kwanza. "Wewe mwenyewe, mama! Jumatatu asubuhi unafungua sanduku, unasikiliza, unapanga. Langu mimi linataka mtu wa kulifungua. Kiti chako hakiendi popote. Nitamwambia meneja hivyo hivyo, mbele yako."

"Na wewe?"

Erasto aliangalia sakafu. "Msimamizi wa magari, mama. Dakika hiyo hiyo, mfukoni mwake, popote alipo." Halafu akaongeza, na kwa hilo nimemheshimu mpaka leo: "Lakini mimi sitaki nikudanganye. Wangu hauhitaji mtu wa kukaa hapa. Ukinipa sauti, nitashinda, na unajua maana yake."

Nilimfuata Mama Salima mpaka uani, nikamshika mkono. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Kwamba Bahati ni mtu mzuri. Kwamba mvua ya Mei huja mara moja moja. Kwamba nyumbani ni gizani, alisema mwenyewe. "Usijimalize kwa mdomo wako," nilimwambia, nikaona aibu palepale kwa kumsemesha mkubwa vile. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pendo," akasema, "mvua haisubiri Jumatatu." Basi. Nilimkasirikia siku kadhaa. Nilikuwa nakula mlenda wake nimenuna. Sasa nina umri wa kuwa na watu wanaonitegemea, na bado sijui kama ningekuwa yeye ningechagua vile. Nikiwa mkweli, nadhani ningempa Bahati. Ningejiambia sababu nzuri nzuri.

Walirekodi ghalani, kati ya magunia ya mashudu, kwa sababu magunia yanameza mwangwi. Mama Salima aliomba maji, akasukutua, akaketi kwenye gunia lililotandikwa gazeti. Alikuwa amefikiria hata yale ambayo Erasto hakuyafikiria, kwamba wengine wanaopiga ni wakubwa zake. "Inasikia?" akauliza. "Inasikia, mama." Akainua kidevu kama mtu amesimama mlangoni kwake.

"Kama umenipa shikamoo, marahaba. Kama wewe ni mkubwa wangu, shikamoo. Nyumbani hawajambo?"

Akanyamaza. Erasto alidhani amemaliza, akanyoosha mkono azime. Mama Salima akainua kiganja kumzuia. Alikuwa anawapa nafasi wajibu. Nilimwona akisikiliza, kabisa, uso umeinamia upande mmoja kwenye lile ghala tupu, na niliona kama ameshawasikia wote. "Haya," akasema. "Nieleze." Hawakurudia, ile ya kwanza ndiyo iliyotumika.

Wiki ile ile kioo kikajaa maneno. Hatujambo mama, magunia yapo barabarani. Tumshukuru Mungu mama, mizani ya huku inakorofisha. Jumapili moja lori likaingia Mitundu kabla ya giza, na Jumatatu Tausi akaacha ujumbe wa kicheko kitupu. Meneja akaweka sahihi. Bahati alilifunga sanduku lake kwenye boksi, akampa Erasto mkono. "Umeshinda kwa koo la mama wa watu," akasema. Erasto akajibu, "Ndiyo," wala hakutabasamu.

Walimuaga Mama Salima ukumbini, kwa pilau na soda. Meneja alitoa hotuba nzuri, nadhani ilimtoka moyoni; alisema sauti ya mama itabaki na sisi siku zote. Watu wakapiga makofi. Mama Salima aliposimamishwa aseme neno, alishika ukingo wa meza. "Mdomo nimewaachia," alisema. "Ninaondoka na masikio, na hayo ndiyo niliyokuwa nayataka humu." Watu wakacheka kidogo, hawajui kama ni utani. Salima, wakati huo msichana wa shule, alimwongoza mama yake kwa kiwiko mpaka getini. Hakugeuka. Kugeuka kungemfaa nini, kwa macho yale.

Mimi nilibakizwa kuangalia kioo. Jumatatu ya kwanza niliingia peke yangu kwenye kile chumba. Kiti walikuwa wameshakitoa, wameweka cha magurudumu. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa bibi mmoja wa Mkalama, na ulikuwa mrefu. Hatujambo mwenzangu, mbuzi amezaa mapacha, mjukuu ameota meno mawili ya chini na anauma kila mtu, mvua ilitosha, goti langu ndilo lile lile. Na wewe macho vipi? Usikubali kupakwa dawa za barabarani. Haya, nilikuwa nakujibu tu maana umeniuliza. Lori silihitaji. Chini yake mtambo ukaniuliza upeleke wapi, ukanipa ya kuchagua: Ununuzi. Magari. Malalamiko. Futa.

Niliusoma tena. Upande wa pili wa mbao meneja alikuwa anaongea na mtu kuhusu dizeli. Erasto alikuwa amenifundisha namna ya kuongeza mhusika mpya, endapo kampuni itaajiri. Nikafungua ile sehemu. Nikaandika: Mama Salima. Nikaandika namba ya simu yake ya nyumbani, polepole nisikosee, nikachagua uende kama sauti, nikabonyeza peleka.